Mbwa wa Tobia na uvimbe wa shingoni



Juma hili kalenda imetuletea siku tatu zinazokaribiana. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyowekwa siku hiyo kwa sababu ndiyo aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Kesho yake Kanisa linawaadhimisha Malaika Wakuu Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Tarehe 4 Oktoba ni ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeaga dunia jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Waliozipanga siku hizi hawakukaa meza moja, lakini kwa paroko anayetafuta la kuwaambia waamini wake zimepangika vizuri kabisa.

Aliye na Biblia yenye vitabu vya Deuterokanoni afungue kitabu cha Tobiti. Majirani zetu wengi wa makanisa mengine hawanacho katika Biblia zao, kwa hiyo nitawasimulia kwa ufupi. Mzee Tobiti, uhamishoni Ninawi, amepofuka baada ya kinyesi cha ndege kumdondokea machoni. Anamtuma mwanawe Tobia nchi ya mbali kufuata fedha aliyoiweka amana. Kijana anapata mwenzi wa safari, asijue kwamba ni malaika Rafaeli. Wakiwa kando ya mto Tigri samaki mkubwa anaruka majini na kutaka kumla mguu. Malaika anamwambia amkamate, ampasue, atunze nyongo, moyo na ini. Wavuvi wetu wa Igombe na Kayenze, hapa Mwanza, hawatashangaa sana kusikia samaki kamrukia mtu. Watakachoshangaa ni kwamba nyongo ndiyo iliyotunzwa, kwa maana ile nyongo ndiyo iliyokuja kumfumbua macho mzee.

Na katika safari hiyo yumo mbwa. Katika sura ya 6 anaondoka pamoja nao, katika sura ya 11 anarudi nao nyuma nyuma. Basi. Habweki, hamng'ati mtu, hapewi hata jina. Ukimwondoa, hadithi haipungukiwi kitu. Mahali pengine katika Maandiko mbwa ana sifa mbaya: wanamla Yezebeli, wanalamba vidonda vya Lazaro, na Paulo anawatumia kuwasema wapinzani wake. Huyu wa Tobia hakutumwa kazi yoyote na mwandishi. Alikuwapo tu, na aliyeandika alimwona akienda, akamwona akirudi.

Mbwa wetu wengi hawaonwi hivyo. Kuanzia Isamilo mpaka Buhongwa mbwa amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, anatupiwa ugali na vichwa vya dagaa, na kazi yake ni kubweka usiku. Tunamsikia kila siku, ila mkono wa mtu haumgusi mwaka mzima, isipokuwa siku ya chanjo, tena kwa kukabwa. Ndiyo maana ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia leo hukomaa mbele ya macho yetu bila mtu kujua. Ni saratani ya matezi, ambayo madaktari huiita limfoma.

Saratani hii ni miongoni mwa zile zinazowapata mbwa na paka mara nyingi zaidi. Inaanzia katika chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, ambazo kazi yake ni kupambana na maradhi. Chembe hizo zinaanza kuzaliana bila mpango na kujaa kwenye matezi. Mbwa ana matezi unayoweza kuyafikia kwa vidole: chini ya taya, mbele ya bega, na nyuma ya goti; yale ya kwapani na ya kinenani huwa huyasikii mpaka yavimbe. Kwa mbwa mzima tezi la chini ya taya ni dogo kama harage. Kwa mwenye limfoma hukua hadi ukubwa wa limau, mara nyingi pande zote mbili na sehemu kadhaa kwa pamoja, gumu, na ukilibonyeza mbwa hasikii maumivu.

Kutoumwa huko ndiko kunakotudanganya. Mbwa anakula, anatikisa mkia, anabweka kama kawaida. Mwenye nyumba, hata akiuona uvimbe, anasema aliumwa na nyuki. Baadaye ndipo mbwa anaanza kukonda, kulala sana, kuchoka njiani, kutapika au kuhema kwa shida. Wengine hunywa maji kupita kiasi na kukojoa ovyo, kwa sababu aina fulani ya limfoma hupandisha kalisiamu kwenye damu. Asipotibiwa, wengi hufa ndani ya mwezi mmoja au miwili tangu uvimbe uonekane. Mbwa wa umri wa kati na wazee ndio huugua zaidi, na koo fulani, kama boksa na rotwaila, zina hatari kubwa kuliko nyingine. Wenye mbwa wa ulinzi wa gharama pale Capri Point waisome sentensi hiyo mara mbili.

Paka ana njia yake. Kwake saratani hii mara nyingi hukaa matumboni, pasipoonekana kwa nje. Paka mzee anatapika mara kwa mara, anaharisha, anakonda ingawa anakula, kisha anaacha kula. Tunasema paka ndivyo walivyo, hutapika. Kweli hutapika, lakini paka anayetapika kila wiki huku mgongo unabaki mifupa anaumwa. Paka wadogo wanaweza kuipata kifuani, wakahema kwa tabu, na hao mara nyingi wanakuwa na virusi vya leukemia ya paka, vinavyoambukizwa kwa mate, kwa mama kunyonyesha na kwa kung'atana. Mahali paka wanapokusanyika kugombea vichwa vya samaki, kama pale Mwaloni Kirumba, mate na kung'atana havikosekani. Wazazi mtulie: virusi hivyo havimwambukizi binadamu, na limfoma ya mbwa au paka haimrukii mtoto anayecheza naye.

Ila msiende nyumbani leo mkampapasa Simba wenu, mkakuta uvimbe, mkaanza kulia. Huku kwetu kuna kupe, na kupe wa mbwa hubeba vijidudu vinavyoleta homa, kutoka damu puani na kuvimba kwa matezi. Ugonjwa huo hutibiwa kwa doksisaiklini, dawa ya kawaida kabisa. Vijiji vinavyopakana na mapori ya Serengeti vina mbung'o, na mbwa akipata ugonjwa wa malale ya wanyama matezi yake huvimba na macho huweza kufunga ukungu. Jino bovu huvimbisha taya. Kidonda cha mguuni huvimbisha tezi la nyuma ya goti. Uvimbe ni ishara ya kwamba mwili unapigana na kitu. Kitu gani, vidole haviwezi kusema.

Kinachosema ni sindano. Daktari wa mifugo huchoma tezi kwa sindano nyembamba, akavuta majimaji kidogo, akayapaka kwenye kioo, akayatia rangi na kuyatazama kwa darubini. Mara nyingi mbwa hana haja ya kulazwa usingizi wala kupasuliwa. Halmashauri zetu zina maofisa mifugo, na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo hapa Mwanza. Kinachokosekana zaidi ni mtu wa kumpeleka mbwa.

Hapa nina neno kali kidogo. Wapo wanaokwenda moja kwa moja duka la dawa za mifugo, wakaeleza dalili kaunta, wakarudi na sindano ya deksamethasoni au vidonge vya prednisoloni. Uvimbe unanywea ndani ya siku chache, na nyumba nzima inashukuru. Kwa kweli dawa za jamii hiyo huua chembe za limfoma. Lakini zikitumika peke yake kabla ya kipimo, zinafanya mabaya mawili: zinaficha ugonjwa, hata daktari akija kuchukua sampuli asione sawasawa, na zinazizoesha chembe zilizobaki, zikawa sugu kwa dawa kubwa zitakazofuata. Uvimbe ukirudi baada ya wiki kadhaa, unarudi mkaidi.

Siwakatazi prednisoloni. Nakataza kubahatisha. Familia iliyompima mbwa, ikajua ni limfoma, ikaona haina uwezo wa tiba kamili, ikamwomba daktari prednisoloni ili mbwa apate mwezi mmoja au miwili ya kula vizuri na kupumua vizuri, hiyo imefanya jambo la heshima. Tiba kamili ni mchanganyiko wa dawa kadhaa, vinkristini, saiklofosfamidi, doksorubisini na prednisoloni, zinazotolewa kwa miezi kadhaa, mwanzoni karibu kila wiki. Mbwa walio wengi sana, wanane au tisa katika kumi, matezi yao hurudi udogo. Wengi huishi kama mwaka mmoja hivi. Wachache huvuka miwili. Kupona moja kwa moja ni nadra. Dozi zao hupimwa ili mnyama aishi vizuri siku alizonazo, ndiyo maana mbwa walio wengi hawanyonyoki manyoya wala hawataabiki kama tunavyowaona watu. Kwa siku chache baada ya sindano mkojo na kinyesi chake vishikwe kwa glavu, na mama mjamzito akae mbali kabisa na kazi hiyo. Paka mwenye limfoma ya matumbo ya aina inayokwenda polepole ana bahati zaidi: kwa vidonge vya klorambusili na prednisoloni nyumbani, wengi huishi miaka miwili na zaidi.

Sasa nijibu swali ambalo najua limeshawajia. Mtu wa Mwanza akisikia saratani ya matezi hamfikirii mbwa. Anamfikiria mtoto, tena mtoto aliyevimba taya, meno yanalegea, mama yake kamfunga mgongoni kutoka Ukerewe au Sengerema wanapanda kilima cha hospitali ya Bugando. Hiyo ni limfoma ya Burkitt, na ukanda wetu wa ziwa ni moja ya nyumba zake kuu duniani.

Jina hilo ni la Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Mkristo wa sala, aliyepoteza jicho moja utotoni. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell, ambaye baadaye alipadirishwa katika Kanisa la Anglikana, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Hakuelewa ni nini. Muda mfupi baadaye akiwa hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akamwona nje mtoto mwingine ameketi na mama yake akiwa na uso uleule. Akaacha alichokuwa akifanya, akatoka. Madaktari wenye macho mawili walikuwa wamewaona watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi, kila mmoja peke yake, kila mmoja kama ajali. Burkitt akaandika mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wamisionari Ted Williams na Cliff Nelson wakapanda gari kuukuu, wakapita Tanganyika mpaka Afrika Kusini, maili kama 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mmemwona mtoto kama huyu wa kwenye picha? Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, nchi zilezile za malaria. Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London, akaomba sampuli za uvimbe, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakauonyesha ulimwengu kirusi ndani yake, kinachoitwa hadi leo kirusi cha Epstein na Barr.

Ng'ambo yetu kidogo, Mara, hospitali ya Wamenoni ya Shirati ilishika kazi hiyo kwa miaka. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa North Mara waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kungepunguza na saratani. Jibu halikuwa safi, kwa sababu wagonjwa walikuwa wameshaanza kupungua kabla ya vidonge. Nawataja kwa sababu wazee wa Rorya waliomeza vidonge hivyo utotoni bado wapo, na ni haki yao kujua kwamba walichangia elimu ya dunia. Leo mtoto mwenye limfoma ya Burkitt akifika mapema mara nyingi hupona. Neno zito hapo ni mapema, na mapema huanza na mtu wa nyumbani aliyeona taya limebadilika.

Katika dawa anazopewa mtoto huyo imo vinkristini, ileile niliyoitaja kwa mbwa. Nendeni mkatazame bustani ya parokia, au makaburini: kuna kiua cha petali tano, cha waridi au cheupe, kinachoota hata penye changarawe na hakifi kiangazi. Asili yake ni Madagaska. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliyachunguza majani yake kwa sababu yalisifiwa kwa ugonjwa wa kisukari. Kisukari hakikushuka, zilishuka chembe nyeupe za damu. Kutokana na mmea huo zikatoka vinblastini na vinkristini, na hii ya pili iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963. Yoshua bin Sira, sura ya 38, alishafundisha kwamba dawa huumbwa na Bwana kutoka ardhini na kwamba mwenye akili hazidharau. Lakini tafadhali, hakuna wa kuchemsha kiua hicho na kumnywesha mtoto wala mbwa. Ni sumu. Hata vinkristini yenyewe ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Ni ya mkono wa mtaalamu.

Hiyohiyo ndiyo dawa ya saratani nyingine inayoonekana sana mahali mbwa wanapozurura: ule uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu, ambao mbwa huambukizana kwa kupandana. Mitaani watu huona damu, wakadhani mbwa amelaaniwa, wakampiga mawe. Sindano moja kwa wiki, kwa wiki chache, na mbwa walio wengi hupona kabisa.

Basi swali. Ikiwa dawa ni moja, na kuna mtoto wa Sengerema ambaye baba yake ameuza ng'ombe ili afike Bugando, ni halali mimi kutumia fedha kwa mbwa? Muumini mmoja alinisubiri nje ya sakristia kuniuliza hivyo, na alikuwa na Katekisimu ya Kanisa Katoliki mkononi, kidole kwenye namba 2418. Alijiandaa, huyo. Namba hiyo inafundisha kwamba si sawa kutumia kwa wanyama fedha ambayo kwanza ingepaswa kupunguza mateso ya watu. Nilimwomba asome mistari yote ya namba hiyo. Inaanza kwa kusema kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu. Watu wengi huanzia katikati.

Nami nawauliza kitu, kwa upendo. Mbona hesabu hii ya mtoto wa Bugando tunaifungua anapougua mbwa tu? Kwenye kamati ya sendofu, tunapochanga kwa ajili ya ukumbi, keki na matarumbeta, sijawahi kumsikia mjumbe akisimama na Katekisimu. Aliyemtibu mbwa wake na akatoa pia kwa ajili ya mgonjwa wa wodini sina neno naye. Asiyempa mgonjwa wa wodini chochote na akamwacha mbwa wake aoze mnyororoni kwa jina la maskini, huyo ana maswali mawili ya kujibu.

Msimamo wangu ni huu. Hatudaiwi kumrefushia mnyama maisha kwa gharama yoyote. Mzazi mwenye ada ya shule ya kulipa Januari asijisikie mkosefu kwa sababu hakuweza tiba ya miezi sita ya mbwa, na asikope kwa ajili hiyo. Tunachodaiwa ni kumwona, kupata jibu la ukweli kutoka kwa anayejua, na kutomwacha ateseke. Hayo matatu hayahitaji utajiri. Mithali 12 inamtambua mwenye haki hata kwa namna anavyoijali hali ya mnyama wake, na haisemi ni mwenye haki tajiri. Ndugu zetu Waislamu nao wana mapokeo kutoka kwa Mtume wao kuhusu mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi. Maji na kiatu, hakuna zaidi.

Itafika siku mbwa mwenye limfoma hawezi tena. Hali, hainuki, anahema kwa mdomo wazi, matezi ya shingo yanambana koo. Mnaniuliza kama ni dhambi kumwita daktari amchome sindano ya mwisho. Si dhambi. Uhai wa mwanadamu si mali yetu, na Kanisa halitaruhusu kamwe mgonjwa wetu afupishiwe siku zake. Mnyama tumekabidhiwa tumtunze, na kumkatia mateso yasiyo na mwisho mwingine ni sehemu ya utunzaji huo. Ila ni sindano ya daktari. Si nyama yenye sumu ya panya, wala panga, wala kumpakia kwenye gunia na kumtupa porini Kisesa ili tusimwone akifa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo, na kabla ya sheria dhamiri ilishaukataza.

Na watoto wakilia, waacheni walie. Msiwaambie ni mbwa tu. Mkiulizwa kama ameenda mbinguni, msitoe ahadi ambayo Kanisa halijaitoa, wala msimfungie mtoto mlango kwa ukali. Mwambieni kwamba Mtakatifu Paulo, katika Warumi 8, anaviona viumbe vyote vikingoja kukombolewa pamoja nasi, na kwamba Mungu aliyewahesabu hata wanyama wa Ninawi, mwishoni mwa kitabu cha Yona, hajawasahau wa kwetu.

Matangazo mawili yanahusiana na hayo. Chanjo ya kichaa cha mbwa itakapotangazwa na halmashauri katika mtaa wako, mpeleke mbwa mwenyewe, usimtume mtoto wa miaka saba na kamba ya katani. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna dawa, na karibu kila anayekufa nacho aling'atwa na mbwa. Wakati mbwa yuko mikononi mwako, pitisha vidole chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti, ukikuta kitu muulize bwana mifugo aliye mbele yako hapohapo.

Tarehe 4 Oktoba, baada ya misa ya jioni, nitabariki wanyama uwanjani. Leteni mbwa, paka, mbuzi, kuku, wote karibuni. Mbwa wawe wamefungwa kamba, na kila mmoja aje na kadi yake ya chanjo.